Hela ya Simu Haizungumzi: Upweke wa Wazee Wetu wa Kibaha na Kisarawe

Mwisho wa mwezi mtoto aliyeko Dar es Salaam anatuma hela na ya kutolea, kisha anapiga. "Mama, umeiona?" "Nimeiona mwanangu, Mungu akuzidishie." Simu imekatwa. Hela hiyo ni msaada mkubwa, na iendelee kutumwa. Lakini mama huyo aliyeko Maneromango, Kisarawe, anaweza kumaliza wiki bila mtu kuketi naye wakapiga soga mpaka chai ikapoa.

Kuishi mwenyewe siyo upweke. Wapo wazee wanaoishi wenyewe, na kutwa hawakosi mtu wa kubisha hodi. Wapo pia wenye nyumba iliyojaa wajukuu, wasioulizwa neno tangu asubuhi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Juni 2025 ilieleza kuwa mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba hali hiyo huongeza hatari ya kiharusi, maradhi ya moyo, kisukari na sonona. Kwa hiyo ni suala la afya, tusiliite deko la uzeeni.

Mwenye geti naye

Vijijini Kisarawe, vijana wameshukia mjini, mzee kabaki na mikorosho na mihogo yake. Nyumba ziko mbalimbali, ila watu wanajuana. Asipoonekana siku mbili, ataulizwa. Maili Moja na Kongowe, upande wa Kibaha, yuko mstaafu aliyenunua kiwanja, akajenga, akazungusha ukuta. Kwa kawaida mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, umri uleule ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliutaja kuwa mwanzo wa uzee. Jana alikuwa na wenzake kazini na chai ya saa nne. Leo ana geti. Kwa maoni yetu huyu ndiye anayesahaulika zaidi, kwa kuwa ana pensheni na hakuna anayemdhania shida.

Anza na masikio na macho

Babu aliyekuwa habanduki kwenye bao ameacha kwenda. Watu watasema uzee umemfanya mkali. Mara nyingi hasikii vizuri: wenzake wakicheka, anadhani anachekwa yeye, anaona heri abaki kwake. Bibi mwenye mtoto wa jicho naye huacha misiba na vikoba kwa kuogopa njia ya jioni. Wapelekeni kituo cha afya wakapimwe, na ikibidi Hospitali ya Tumbi. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, na sikio huenda limezibwa na nta tu. Kama mzee hana uwezo wa kulipa, mwoneni ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri awaeleze utaratibu wa msamaha. Nyumbani, zungumza naye uso kwa uso, taratibu, redio ikiwa imezimwa.

Mwombe akusaidie

Wengi tunakwenda kwa mzee na kilo ya sukari, shikamoo, marahaba, tumeondoka. Nenda na shida yako. Huko Harare, Zimbabwe, mwaka 2006 daktari wa afya ya akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa kitongoji cha Mbare. Aliwafundisha kukaa benchi na watu waliozidiwa na mawazo, wawasikilize. Bibi hao ndio waliokuwa watoa huduma.

Na kwetu wapo wazee wa namna hiyo. Mpelekee bibi ukili, mwambie, "Bibi, nifundishe kuanza mkeka." Atakukosoa, atakufumulia, na hapohapo utasikia habari za ukoo usizozijua. Mwalimu mstaafu apelekewe watoto wawili wa mtaa wake wanaosumbuliwa na hesabu, Jumamosi asubuhi. Vijana wa bodaboda mnaopita kila siku, mkubaliane na mwenyekiti wa mtaa au kitongoji nani apite kumjulia hali mzee yupi. Mjukuu naye amwonyeshe babu namna ya kupiga simu ya video, kisha mtoto wa Dar apige hata kama hana hela ya kutuma.

Usichelewe

Mzee akiacha kula, akikosa usingizi siku nyingi, akianza kugawa vitu vyake au kusema heri afe, msimjibu kwamba ni uzee. Msimwache peke yake, na siku hiyohiyo mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliye mtaani au kijijini kwenu anaweza kuwasindikiza.