SOMO: Mbele ya Kulaumu Mkono, Angalia Uzi

Somo letu ni kwa wapigaji wa gitare ya umeme, lakini wazee na viongozi wa kwaya wasiruke ukurasa huu. Ni sisi wazee tulioleta sababu ya kuuandika.

Katika parokia moja, na mimi nilikuwa kati ya wazee wake, kijana mmoja alipiga gitare vizuri kwa miaka miwili. Siku moja nyuzi zikakatika. Ndugu aliyetoka safarini alituletea nyuzi mpya, tukashangilia. Tangu siku ile kijana akaharibika. Vidole vilitoka damu, sauti za gitare hazikupatana, waimbaji wakapotea njiani. Tulimwita mbele yetu. Mmoja alisema ni uvivu. Mwingine alisema labda kuna dhambi anayoficha. Kijana alijibu neno moja tu: "Papa, nyuzi ni ngumu." Tuliona ni kisingizio, tukamsimamisha kwa majuma matatu.

Kisha mpigaji mmoja mzee akapita kwetu. Akashika gitare ile, akabonyeza uzi mara moja tu, akauliza: "Pakiti ya nyuzi hizi iko wapi?" Tukaitafuta. Ilikuwa imeandikwa 12. Kijana alikuwa amezoea 9. Ndugu zangu, tulimhukumu mtoto kwa kosa la chuma. Kwa hiyo tunapashwa kujifunza.

1. Namba ya pakiti ni nini?

Namba ile inaonyesha unene wa uzi, kwa kuhesabu sehemu za elfu za inchi. Namba 9 ni karibu milimita 0,23. Namba 10 ni milimita 0,25. Namba 12 ni milimita 0,30. Pakiti huitwa kwa jina la uzi wake wa kwanza, ule mwembamba kuliko yote. Pakiti ya 10 ya kawaida ina nyuzi 10, 13, 17, 26, 36 na 46.

Utasema: kati ya 9 na 12 tofauti ni kama unywele mmoja, inaweza kuumiza nani? Sikia vizuri. Nguvu ya kuvuta haiongezeki sawasawa na unene, inaongezeka kwa unene mara unene. Uzi wa 9 ukifungwa mpaka sauti ya mi, juu ya gitare yenye urefu wa Fender Stratocaster, unavuta karibu kilo 6. Uzi wa 12, gitare ileile, sauti ileile, unavuta karibu kilo 10 na nusu. Unene umeongezeka kwa sehemu moja ya tatu, lakini mzigo umekaribia kuwa mara mbili.

Hesabu sasa nyuzi zote sita pamoja. Pakiti ya 9 inavuta shingo ya gitare kwa karibu kilo 39. Pakiti ya 10, karibu kilo 47. Ni karibu mfuko mzima wa simenti, usiku na mchana, hata wakati gitare imelala ndani ya sanduku.

2. Mambo matatu yanayokaza uzi

La kwanza ni uzito wa uzi, kama tulivyoona. La pili ni urefu wa sehemu inayolia. Stratocaster ina milimita 648, na Les Paul ya Gibson ina karibu 628. Ukitia pakiti ileile juu ya gitare hizi mbili, ile fupi italegea kwa karibu sehemu 6 katika 100. Kwa hiyo mtu akisema gitare ya mwenzake ni laini, asifikiri kuna siri. Apime urefu kwanza.

La tatu ni sauti unayotafuta. Uzi wa mi wa kwanza hutetemeka karibu mara 330 kwa segonde. Ukiteremsha gitare yote nusu toni ili wababa waimbe bila kujikaza, nyuzi zinapunguza karibu sehemu 11 katika 100 ya nguvu zao. Ukizipandisha, mzigo unaongezeka vilevile.

Wengine huuliza: mbona uzi mnene wa mi hauvuti zaidi kuliko yote? Ni kwa sababu sauti yake iko chini sana. Nyuzi tatu nene zina chuma chembamba katikati, na waya mwingine umezungushwa juu yake. Waya ule unaongeza uzito bila kuleta ugumu. Kama ingekuwa chuma kitupu cha unene ule, ingekuwa kama kubonyeza msumari. Katika pakiti ya 10, uzi wa 46 unavuta karibu kilo 8, na ule wa kwanza kilo 7 na kidogo. Ndiyo maana mkono unasikia usawa.

3. Mfano wa nyumbani: mi-composé

Wapigaji wetu wa Congo wanalijua jambo hili tangu zamani. Katika gitare ya mi-composé wanaondoa uzi wa nne, ule wa re ulio mnene, na mahali pake wanatia uzi mwembamba unaofungwa kwa re ya juu. Kama ni uzi wa 10, pale unavuta kilo 6 tu au pungufu kidogo, na ule wa zamani ulivuta zaidi ya 8. Ni laini sana. Mwenye mkono mzito akiubonyeza kwa nguvu, sauti inapanda na kukosana na wengine. Ukipewa gitare ya namna hiyo, usiseme imeharibika. Uliza mwenyewe ameifunga namna gani.

4. Je, uzi mwembamba ndio mwema siku zote?

Hapana. Uzi mwembamba unamhurumia mwanafunzi na mwenye kuvuta uzi pembeni. Lakini mpigaji wa mkono wa nguvu, anayeshika mdundo saa nzima, ataona 9 inayumba chini ya vidole vyake. Yeye atafute 10 au 11. Uzi mnene una chuma kingi zaidi mbele ya sumaku za mikro, na mara nyingi sauti yake inajaa zaidi. Kila mkono una uzi wake.

Huko California, Marekani, mwenye duka Ernie Ball aliona wanafunzi wakitaabika kwa nyuzi nene zilizouzwa wakati ule, zaidi sana uzi wa tatu. Hakusema wana vidole vibaya. Alitengenezesha nyuzi nyepesi, na tangu miaka ya 1960 zikaenea dunia nzima.

5. Mashauri

Usibadilishe namba bila kuangalia shingo. Nyuzi nene zinaipinda, nyuzi zinapanda mbali na mbao, na kila sauti inadai nguvu zaidi. Ukibadili, mtu anayejua airekebishe.

Wengi wetu tulijifunza kwa waya wa breki ya baiskeli. Hatuudharau. Ni chuma, na mikro inausikia. Lakini hauna namba, hujui unavuta kilo ngapi, na ukikatika unaweza kupiga jicho. Uzi wa nailoni wa kuvulia samaki hautasikika katika ampli hata kidogo, kwa sababu sumaku haijui nailoni.

Kisha ibada, pangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu, maana jasho linaleta kutu. Na pakiti usiitupe. Iweke ndani ya sanduku la gitare, ili anayekuja nyuma yako ajue.

Sasa nimalizie habari ya kijana wetu. Tulinunua pakiti ya 9. Tulimwomba msamaha mbele ya kwaya yote, na mimi nilisema wa kwanza. Siku ile hakupiga. Alisema vidole havijapona bado. Tukangoja.

Maulizo ya kujipima

1. Gitare ya kwaya yenu ina nyuzi za namba gani? Nani anajua?
2. Kwa nini uzi wa 12 unavuta karibu mara mbili kuliko uzi wa 9?
3. Katika mi-composé, uzi gani unaondolewa, na mkono unapashwa kufanya nini?
4. Mtu akikuambia "ni ngumu", unaangalia nini kwanza?