Kuhakiki Picha za Kuunganisha: Funzo kutoka Studio ya Bakor, Lamu

1. Utangulizi

Makala haya yanajadili namna ya kutoa na kupokea maoni kuhusu picha za sura za watu zilizoundwa kwa kuunganisha vipande vya picha mbili au zaidi. Kwa ufupi tutaziita picha za kuunganisha. Mara nyingi mtazamaji huuliza swali moja tu: "Je, inaonekana kama kweli?" Hoja yetu ni kwamba swali hilo halitoshi, na wakati mwingine humpotosha mhakiki, kwa sababu si kila picha ya aina hii hukusudia kuficha kwamba imeunganishwa. Mwanafunzi wa Kiswahili anazo tayari zana za kulijadili suala hili, kwani fasihi yetu ina utanzu unaofanana nalo.

2. Studio ya Bakor

Mji Mkongwe wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, unajulikana kwa milango ya nakshi, majumba ya mawe ya matumbawe na washairi wake. Wapiga picha wake hawatajwi sana. Miongoni mwao alikuwa Omar Said Bakor (1932–1993), mwenye Studio ya Bakor, ambaye picha zake za kuunganisha zimechunguzwa na mwanaanthropolojia Mjerumani, Heike Behrend, katika kitabu chake Contesting Visibility (2013) kuhusu upigaji picha katika pwani ya Afrika Mashariki.

Kabla ya kompyuta, picha hizi zilitengenezwa kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni kukata picha kwa mkasi, kubandika vipande kwa gundi, kisha kuupiga picha upya ule mkusanyiko. Ya pili ilifanyika katika chumba cha giza: fundi alifunika sehemu ya karatasi isipate mwanga, akaimulika sura ya kwanza juu ya karatasi, kisha akafunua sehemu ile na kuifunika ya kwanza ili kuingiza sura ya pili. Kwa njia zote mbili, sura ya mtu iliweza kuondolewa mahali ilipopigwa na kuwekwa ndani ya umbo jingine kabisa.

Mtu anapokutana na sura iliyozungukwa na umbo la pambo, hadhani hata kidogo kwamba mwenye sura alikaa humo. Hivyo kumwambia fundi kwamba "haionekani kuwa halisi" ni sawa na kumlaumu mshairi kwa kuwa watu hawazungumzi kwa vina.

3. Takhmisa kama kielelezo

Katika ushairi wa Kiswahili, takhmisa huundwa pale mshairi anapochukua beti za mtangulizi wake zenye mishororo miwili na kuiongezea mitatu, zikawa za mishororo mitano. Mfano maarufu ni Takhmisa ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Hapa kauli za watu wawili walioishi nyakati tofauti zinakaa katika ubeti mmoja.

Mhakiki wa takhmisa haoni aibu kwamba mshono unajulikana. Anachouliza ni iwapo mishororo mipya imechukuana na ya awali kwa vina na mizani, na iwapo imeiongezea maana au imeielemea. Maswali haya haya yanafaa picha. Mshono unaweza kufichwa au kuonyeshwa. Lililo muhimu ni iwapo fundi ameuchagua kwa makusudi.

4. Hatua za kutoa maoni

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana wa Lamu ameunganisha picha ya marehemu bibi yake, iliyotoka katika kitambulisho, na picha ya mjukuu aliyezaliwa baada ya kifo chake. Anataka ionekane kwamba wamekaa pamoja barazani. Anaomba maoni. Tunapendekeza hatua zifuatazo.

(a) Kueleza kabla ya kuhukumu. Mhakiki aseme anachokiona: nani yuko wapi, jicho linaanzia wapi na kuishia wapi. Maelezo haya humwonyesha fundi kama kusudi lake limefika.

(b) Mwanga. Je, vivuli vinaelekea upande mmoja? Picha ya kitambulisho hupigwa kwa mwanga wa mbele. Ya barazani hupata jua la ubavuni.

(c) Vipimo na mwelekeo. Je, kichwa cha bibi kinawiana na cha mtoto? Je, wote wametazamwa kutoka kimo kimoja?

(d) Mshono. Kwa kuwa kijana huyu anataka uhalisi, ukingo mkali kwenye bega ni kasoro. Angetaka kumweka bibi ndani ya fremu ya nakshi, ukingo huo huo ungeweza kuwa pambo.

(e) Maana. Kuwaweka pamoja watu wasiokutana kunasema nini?

Lugha ya maoni nayo ina uzito. "Nzuri sana" haimsaidii mtu, wala "haijakaa sawa" haimwelekezi. Afadhali kusema: "Kivuli cha mtoto kinaangukia kushoto, na cha bibi hakipo, ukikiongeza, watakuwa wamekaa mahali pamoja." Kauli hii inataja kitu, mahali na athari yake. Mwombaji naye ana wajibu: ataje kusudi lake, aonyeshe picha za awali, na aulize swali mahususi.

5. Idhini na sitara

Ufundi hauwezi kutenganishwa na heshima. Mwaka 1858, Mwingereza Henry Peach Robinson aliunganisha negativi tano kuunda picha ya msichana aliye karibu kufa, akiwa amezungukwa na jamaa zake. Ingawa waliomo walikuwa wakiigiza, baadhi ya watazamaji walilalamika kwamba huzuni ya namna hiyo haistahili kupigwa picha. Lawama yao haikuhusu mshono.

Katika jamii ya Waislamu wa pwani, suala hili lina uzito zaidi. Wapo wanaoona picha ya sura ya mtu kuwa jambo lenye utata kidini, na familia nyingi hazipendi picha za wanawake wao zitoke nje ya nyumba. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama kivuli cha bibi kimekaa vyema, ni haki kuuliza: je, bibi angeridhia? Je, picha itawekwa chumbani au mbele ya wageni? Je, inafaa kusambazwa ili kutafutiwa maoni? Marehemu hawezi kujibu, na kipande kilichokatwa hakiwezi kukataa mahali kinapobandikwa. Wenye kujibu kwa niaba yake ni jamaa zake, na maoni yao yatangulie ya wataalamu.

6. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba picha ya kuunganisha ihakikiwe kwa kusudi lake, kwa namna vipande vyake vinavyochukuana, na kwa haki ya aliyemo. Mwenye kuzoea kuhakiki takhmisa hatakosa pa kuanzia.

Maswali ya mjadala
1. Linganisha mshono katika takhmisa na mshono katika picha ya kuunganisha.
2. Andika aya moja ya maoni kuhusu picha yoyote ya kuunganisha bila kutumia maneno "nzuri" na "mbaya".
3. Je, programu za kompyuta zimebadilisha suala la idhini, au zimelizidisha tu? Jadili.