SOMO LA MWEZI: Kiu Isiyokatwa na Maji

Mwaka jana mzee mmoja alifika ofisini kwetu akiwa na jani la mahindi mkononi, kando zake zimeungua kama zilizopitiwa na moto. Kila siku saa sita mchana aliyaona mahindi yake yamekunja majani, naye kila siku aliyamwagia maji kidogo ya kisima. Kadiri alivyoyamwagilia, ndivyo yalivyozidi kuharibika. Akauliza, "Hii ni kiu gani isiyokatwa na maji?" Swali hilo ndilo somo letu la mwezi huu.

Mmea hujuaje kwamba maji ni haba?

Mmea hauna macho wala masikio, lakini huhisi. Udongo unapokauka, mmea hutengeneza ndani yake dawa iitwayo asidi ya absisiki. Mwaka 1963 wataalamu wa California waliipata dawa hii katika matunda machanga ya pamba, walipokuwa wakichunguza sababu ya matunda hayo kudondoka. Dawa hiyo huviamuru vitundu vidogo vya jani, visivyoonekana kwa macho, vijifunge ili maji yasitoke kwa mvuke. Mahindi hukunja majani yapate jua kidogo. Maharagwe nayo huyageuza majani yake, jua liyapate kwa ukingo tu.

Lakini ujue kwamba hewa ambayo jani hutumia kutengeneza chakula huingia kwa vitundu vivyo hivyo. Duka likifungwa mwizi haingii, lakini wateja pia hawaingii. Kwa hiyo mmea uliofunga vitundu siku nyingi hudumaa.

Tazama shamba asubuhi

Majani yakikunjwa mchana na kufunguka jioni, usiwe na hofu nyingi: mmea unajihifadhi, na usiku mizizi itapata maji. Bali amka mapema, uende shambani kabla ya jua kupanda. Ukikuta majani bado yamekunjwa alfajiri, hapo udongo wa penye mizizi umekauka kweli. Kama una maji, mwagilia siku hiyo hiyo, hasa mahindi yanapotoa mbelewele na nywele. Wakati huo kiu ya siku chache tu yaweza kukuachia magunzi yasiyo na punje.

Chumvi hufanyaje?

Fanya jaribio hili pamoja na watoto wako. Kata vipande viwili vyembamba vya kiazi. Kimoja kitie katika maji matupu, cha pili katika maji yenye chumvi nyingi. Baada ya saa moja au mbili vishike. Cha kwanza ni kigumu. Cha pili kimelegea, ingawa kilikuwa ndani ya maji! Chumvi imeyavuta maji yaliyokuwa ndani yake.

Ndivyo ilivyo shambani. Udongo wenye chumvi huyazuia maji, mizizi isiweze kuyanywa. Mmea huona ukame hali udongo umelowa, nao hufunga vitundu vile vile. Kisha huja dhara la pili: chumvi hupanda pole pole hadi majani, ikaunguza ncha na kando zake, ikianza na majani ya zamani.

Maji ya kisima cha mzee yule yalipopimwa, yalionekana yana chumvi nyingi. Kila alipomwagilia kidogo, jua lilichukua maji na kuacha chumvi juu ya udongo. Hakuwa mvivu, bidii yake ndiyo iliyolijaza shamba chumvi.

Mambo ya kufanya

1. Ukiona unga mweupe juu ya udongo mkavu, au majani yanalegea hali chini kumelowa, peleka maji na udongo vikapimwe. Uliza katika ofisi ya kilimo iliyo karibu nawe.
2. Kama huna maji ila yenye chumvi kidogo, usinyunyize kidogo kidogo kila siku. Mwagilia kwa wingi, kwa nafasi, ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Hapana budi pawe na mfereji wa kuyatoa maji hayo.
3. Tandaza nyasi kavu kati ya mistari, na palilia mapema, kwa maana magugu nayo hunywa.
4. Chagua mmea kwa udongo ulio nao. Maharagwe hayavumilii chumvi. Mahindi huvumilia kidogo tu. Mtama, pamba na shayiri huvumilia zaidi. Tena mtama ukikosa mvua waweza kusimama kukua, ukangoja, kisha ukaendelea mvua irudipo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini tunatazama majani alfajiri, si mchana?
2. Kwa nini kipande cha kiazi kililegea ndani ya maji?
3. Mahindi ya jirani yako yamelegea, na udongo umelowa. Utamshauri nini kabla hajachota ndoo nyingine?