Kukusanya Majibu ya Mtandaoni: Tunachojifunza kwa Programu ya twarc

Anayeandika kwenye mtandao wa kijamii hutoa neno moja, lakini majibu yake yanaweza kufika maelfu. Tarehe 12 Desemba 2012 Papa Benedikto XVI alituma ujumbe wake wa kwanza Twitter kwa akaunti ya @Pontifex. Kujua alichosema Papa ni rahisi. Je, anayetaka kujua watu walimjibu nini afanyeje? Katika somo hili tutatazama chombo kimoja cha kazi hiyo, mipaka yake, na swali la kimaadili linaloambatana nacho.

1. Chombo chenyewe

twarc ni programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya Python. Inahusishwa na mradi wa Documenting the Now, ulioanza Marekani baada ya kijana Michael Brown kuuawa na polisi huko Ferguson, Missouri, tarehe 9 Agosti 2014. Watunza kumbukumbu waliona kwamba sehemu kubwa ya historia ya siku zile ilikuwa ikiandikwa Twitter, na kwamba isipohifadhiwa mapema ingepotea.

2. Inavyofanya kazi

Kila ujumbe wa Twitter ulikuwa na namba yake. Hapo awali kampuni haikuwapa waandishi wa programu njia ya moja kwa moja ya kuomba majibu ya ujumbe fulani. Kwa hiyo twarc ilipita njia ya kuzunguka. Kwanza, ilitafuta jumbe zote alizoandikiwa mwenye akaunti tangu ujumbe ule ulipotumwa. Pili, ilikagua kila mmoja: je, unajibu namba tunayoitafuta? Usiojibu namba hiyo uliachwa. Tatu, mtumiaji akitaka, ilirudia kazi hiyohiyo kwa kila jibu, ili kupata majibu ya majibu.

Mwaka 2020 Twitter ilianza kuweka namba ya mazungumzo, ambayo jumbe zote za mjadala mmoja huishiriki. Kazi ikawa nyepesi: aliyekuwa na namba hiyo aliweza kuomba mjadala mzima.

3. Mipaka yake

Utafutaji wa kawaida ulirudi nyuma siku 7 hivi tu. Aliyechelewa alikuta mlango umefungwa. Ujumbe uliofutwa, au wa akaunti iliyofungwa kwa wasiokubaliwa, haukupatikana. Tena mwaka 2023 kampuni iliondoa ruhusa ya bure iliyowasaidia watafiti wengi, na vyombo vya namna hii vikadhoofika.

Kuna mpaka mwingine ambao hakuna programu inayoweza kuuvuka: waliosoma wakanyamaza. Majibu 300 ya hasira hayathibitishi kwamba wasomaji wote wamekasirika. Yanathibitisha kwamba yaliandikwa majibu 300 ya hasira, pengine mengine na mtu yuleyule.

4. Maneno haya ni ya nani?

Hapa ndipo penye uzito. Aliyeandika katikati ya maandamano aliandika mbele ya watu, ni kweli. Lakini hakukubali kuwekwa kwenye orodha ambayo kesho inaweza kumfikia mwajiri wake au polisi. Kitu kuwa hadharani hakumpi kila mtu ruhusa ya kukifanyia lolote.

Watumiaji wa twarc walizoea utaratibu uliosaidia. Mtafiti alipomgawia mwenzake mkusanyo, alimpa namba za jumbe tu, bila maneno. Aliyepokea aliziomba upya kutoka Twitter, kama anayeloweka maharage makavu kabla ya kuyapika. Mwandishi akiwa ameufuta ujumbe wake, namba hiyo haikurudisha kitu. Hivyo aliyejuta neno lake alibaki na haki ya kuliondoa.

Utaratibu huo una gharama: mkusanyo unapungua kadiri miaka inavyopita, na historia inapata mapengo. Tunaona ni gharama inayofaa kulipwa pale ambapo kumbukumbu kamili ingemweka mtu hatarini.

5. Kwa matumizi yetu

Parokia yenye ukurasa mtandaoni haihitaji programu kubwa. Majibu 40 ya tangazo la ratiba ya mafundisho yanaweza kunakiliwa kwa mkono kwenye jedwali: tarehe, swali, jibu lililotolewa. Majina tuyaache. Tuandike pia siku tuliyoanza na siku tuliyomaliza kukusanya, ili atakayesoma ajue ni nini hakikuingia. Na anayeuliza ajibiwe kwanza, ndipo ahesabiwe.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kikundi chenu cha simu, ni akina nani husoma bila kujibu kamwe? Mnawasikiaje?
2. Je, kuna wakati ambapo kuhifadhi neno la mtu ni muhimu kuliko kumruhusu alifute? Toeni mfano.
3. Mkipewa leo majibu yote ya chapisho moja la parokia, mngemwonyesha nani, na mngemficha nani?