Keki ya Arusi: Tuihesabu Kabla ya Kuiagiza



Somo letu la mwezi huu lahusu jambo ambalo wengine wataliona dogo mno kuandikwa katika gazeti la kanisa, nalo ni keki ya arusi. Walakini tumeona kwa macho yetu jambo hili dogo likileta huzuni kubwa. Kwa hiyo yafaa tulitafakari pamoja.

Tulialikwa katika arusi moja ya jamaa zetu. Keki iliyoagizwa ilikuwa ya ghorofa tano, lakini malipo ya mwisho hayakutimia, na mwokaji akakataa kuitoa. Wageni walingoja ukumbini saa mbili nzima, wazee wakinong'onezana nje, hata baba wa bwana arusi akaenda kukopa kwa jirani. Keki ilipofika usiku ulikuwa umeingia. Ilikatwa upesi, ikawafikia watu wa meza za mbele tu. Bibi mmoja mzee, nyanya yake bibi arusi, aliyesafiri tangu alfajiri, alirudi kwake asiionje. Na deni lile lilikwisha kulipwa mwaka uliofuata, mtoto wa kwanza akiwa amekwisha zaliwa.

Basi tujiulize: kosa lilikuwa wapi?

1. Keki si ndoa

Kwanza tujue mahali pake. Ndoa ya Kikristo hufungwa kwa ahadi ya watu wawili mbele ya Mungu na mashahidi wao, nayo huombewa baraka kwa Neno na sala. Keki haimo katika ibada hiyo. Arusi isiyo na keki haikupungukiwa na kitu mbele za Mungu.

Dkt. Martin Luther alimwoa Katharina von Bora tarehe 13 Juni 1525, mbele ya mashahidi wachache. Karamu ya watu wengi ilifanywa baadaye, tarehe 27 Juni. Katika siku zile za katikati aliwaandikia rafiki zake barua za kuwaalika, na wengine aliwaomba walete kitu cha mezani. Hakuona haya kuomba, wala hakujifanya tajiri.

Tena tukumbuke habari za Kana ya Galilaya katika Yohana mlango wa pili. Divai ilikwisha karamu ikiendelea. Bwana wetu hakuwakemea watu wa nyumba ile kwa upungufu wao, bali aliwaondolea aibu. Kwa hiyo hatusemi kwamba furaha ya arusi ni ubatili. Bwana mwenyewe alikaa mezani pao. Twasema tu kwamba furaha isijengwe juu ya deni.

2. Keki ni mkate wa kushirikiana

Desturi ya keki si ya babu zetu. Ilitujia pamoja na Wazungu. Lakini tumeipokea na kuipa maana yetu. Bwana arusi na bibi arusi hulishana kipande cha kwanza. Kisha huwalisha wazazi wa pande mbili, kuonyesha shukrani kwa malezi yao. Wachagga wana ndafu, mbuzi mzima aliyeokwa, aletwaye mbele ya wageni akakatwa vivyo hivyo. Maana ni ile ile: chakula kimoja kugawiwa wengi. Basi keki ya kutazamwa tu, isiyowafikia walioalikwa, imepoteza kazi yake, ijapokuwa imepambwa kama kasri.

Hata huko Ulaya mambo haya yamepanda na kushuka. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa mwaka 1840, keki yake ilikuwa na uzito wa ratili 300 hivi. Miaka 100 baadaye, katika vita kuu ya pili, sukari iligawiwa kwa kipimo. Mwaka 1940 serikali ya Uingereza ikakataza kupaka sukari juu ya keki. Watu wakafanyaje? Walitumia kifuniko cha karatasi ngumu kilichopambwa kama keki kubwa, na chini yake wakaweka keki ndogo ya kuliwa. Watu walijua jambo hilo, wala hakuna aliyedanganywa. Hata mwaka 1947, Binti wa Mfalme Elizabeth alipoolewa, vitu vingine vya keki yake vililetwa kutoka Australia. Basi ikiwa taifa zima liliweza kufunga ndoa kwa keki ndogo, je, sisi twaogopa nini?

3. Hesabu ya vipande

Katika Luka mlango wa 14 Bwana asema habari za mtu atakaye kujenga mnara, aketiye kwanza kupiga hesabu. Nasi tuketi. Swali la kwanza lisiwe, "Ghorofa ngapi?" bali, "Wageni wangapi?"

Kipande cha arusi ni kidogo: upana wa sentimeta 3 na urefu wa sentimeta 5 chatosha. Keki ya mraba yenye sentimeta 30 kila upande hutoa vipande 60. Ya sentimeta 25 hutoa 40. Ya sentimeta 20 hutoa 24. Basi keki ya ghorofa tatu za namna hiyo ina vipande 124.

Je, wageni wakiwa 280? Si lazima kuongeza ghorofa. Mwambieni mwokaji aoke keki nyingine mbili za kawaida katika trei, kila moja sentimeta 30 kwa 45, bila mapambo, zikatwe jikoni. Kila trei hutoa vipande 90, yaani 180. Ghorofa ya juu mkiwatengea wazazi, zile mbili za chini zina vipande 100. Jumla ni 280. Kila mgeni amepata, naye mzee wa meza ya mwisho amepata. Na keki ya trei gharama yake ni ndogo, maana kazi kubwa ya mwokaji ni kupamba.

4. Kuchagua keki ifaayo

Siagi huyeyuka karibu na nyuzi 32 hadi 35 za joto, na hulegea kabla ya hapo. Kwa hiyo keki iliyopakwa siagi na sukari ya unga haifai kukaa juani, wala katika ukumbi wenye joto wa Tanga au Dar es Salaam tangu asubuhi hata usiku. Huko ni afadhali iletwe saa ya mwisho, au ipambwe kwa sukari ngumu isiyo na siagi.

Keki nyepesi ya mayai yapasa kuokwa siku moja au mbili kabla ya arusi, isije ikakauka. Keki ya zabibu kavu na matunda hudumu majuma mengi. Ndiyo sababu Waingereza waliweza kuhifadhi ghorofa ya juu hata ubatizo wa mtoto wa kwanza. Wenye kukaa mbali na mwokaji, au wenye njia mbaya, na wachague keki ya matunda, maana huvumilia safari.

Keki ya ghorofa isisafirishwe ikiwa imekwisha pandishwa. Kila ghorofa ichukuliwe katika sanduku lake, zipangwe ukumbini. Tena muulize mwokaji kama ataweka vijiti ndani ya ghorofa ya chini na ubao mwembamba chini ya ile ya juu; pasipo hivyo, ya juu itazama katika ya chini.

5. Mapatano na mwokaji

Mwokaji ni mtu wa kazi, naye astahili ujira wake. Amenunua unga, mayai, siagi na sukari kabla hajapokea malipo yote. Tusimnung'unikie akidai haki yake. Walakini mapatano yaandikwe, kila upande ubaki na nakala yake: ukubwa wa kila ghorofa, namna ya keki, rangi, bei yote, arubuni iliyotolewa, siku ya malipo ya mwisho, saa ya kuleta, na nani ataichukua. Iandikwe pia itakuwaje ikiwa keki itaharibika njiani.

Twashauri utaratibu huu. Siku tangazo la kwanza la ndoa lisomwapo kanisani, hesabu ya wageni iwe imekwisha kujulikana, na arubuni iwe imetolewa. Malipo ya mwisho yatolewe juma moja kabla ya arusi, katika fedha zilizo mkononi, si katika michango iliyoahidiwa. Ahadi ya mchango si fedha. Wengi huahidi kwa moyo mwema, kisha huuguliwa au hupatwa na ada za shule. Kamati ya arusi isiagize kitu kwa fedha ambazo haijazipokea.

6. Fedha zisipotosha

Hapo ndipo usharika huonekana kuwa jamaa moja. Akina mama wengi wajua kuoka. Keki ya ratili haina siri: unga, siagi, sukari na mayai kwa uzito ulio sawa. Ukichukua kilo moja ya kila kimoja, mayai yatakuwa kama 20. Akina mama wanne wakioka kila mmoja trei moja, karamu imepata keki. Nanyi mwaweza kuagiza kwa mwokaji ile ndogo ya kupambwa, ya kukatwa mbele ya watu.

Wazazi wapendwa, twawasihi msiwatwike watoto wenu mzigo kwa ajili ya macho ya majirani. Majirani wataisahau keki kabla ya Jumapili ya pili, deni halitasahauliwa. Nanyi vijana, zungumzeni wawili kabla ya kuzungumza na kamati. Hesabu hii ya keki ndiyo mojawapo ya hesabu za kwanza za nyumba yenu. Mkiifanya kwa kweli na kwa upole, mmekwisha kuanza kujenga.

Maswali ya kujifunza

1. Katika usharika wetu, ni nani wanaokosa kufikiwa na chakula cha arusi, na kwa sababu gani?
2. Soma Yohana 2:1-11. Nani alitangulia kuuona upungufu, naye alifanya nini?
3. Arusi ina wageni 150. Piga hesabu ya keki itakayowatosha kwa gharama ndogo.
4. Tuwasaidieje vijana wanaoona haya kusema kwamba fedha zao ni chache?

Bwana azibariki nyumba mpya zote, na meza zao zisikose mkate wala amani.