Shamba Moja, Mbegu Zaidi ya Moja

Mkulima wa Usevya, katika nchi ya Mpimbwe mkoani Katavi, hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Mvua hizo huanza mnamo Novemba na kwisha mnamo Aprili. Hana vuli na masika kama ndugu zake wa pwani. Akiharibikiwa na msimu huo, hana mwingine mpaka mwaka upite. Kwa hiyo kubadilika kwa tabia ya nchi si habari ya wataalamu peke yao. Ni habari ya chakula cha watoto katika mwezi wa Februari, wakati ghala limekwisha na mahindi mapya hayajakomaa.

Yafaa kwanza tufahamu jambo lenyewe. Kuchomwa kwa makaa ya mawe na mafuta, pamoja na kuteketezwa kwa misitu, kumeizidisha hewa ya ukaa, nayo huzuia joto la dunia lisitoke. Katika miaka ya 2011 hadi 2020 joto la dunia lilikuwa limezidi lile la miaka ya 1850 hadi 1900 kwa digrii 1.1 hivi. Pengine mtu atauliza: digrii moja ni kitu gani? Kwa kila digrii moja inayoongezeka, hewa yaweza kubeba mvuke zaidi, kiasi cha sehemu 7 katika 100. Ndiyo sababu udongo hukauka upesi, na mvua inyeshapo huelekea kumwagika kwa kishindo, kisha siku nyingi za jua zikafuata. Hivyo mvua ya mwaka yaweza kuwa ile ile kwa kipimo, na mavuno yakapotea.

Mahindi huumia sana kwa hali hiyo. Yanapotoa mbelewele na ndevu, yakakosa maji majuma mawili, magunzi hubaki na punje chache, hata mvua ikirudi baadaye. Mtama una tabia nyingine: mizizi yake hushuka chini sana, majani yake hujikunja yasipoteze maji, nao hungoja, mvua irudipo, huendelea kukua. Basi, aliyepanda shamba lote mahindi ya namna moja kwa siku moja, ameweka chakula cha mwaka mzima juu ya majuma mawili.

Afanyeje? La kwanza, aligawe shamba kwa kadiri ya udongo wake. Mbugani kunakotuama maji pawe pa mpunga. Penye rutuba pawe pa mahindi na kunde. Kwenye kichanga pawe pa mtama, karanga na muhogo.

La pili, achague mbegu za muda mfupi. Mtama wa Macia, ulioidhinishwa nchini mwaka 1999, huvunwa mapema, nao si chotara. Mkulima aweza kujiwekea mbegu yake mwenyewe. Kwa mahindi amwulize bwana shamba aina ifaayo mahali pake.

La tatu, asipande kwa manyunyu ya kwanza. Asikilize utabiri wa msimu utolewao na Mamlaka ya Hali ya Hewa, tena angoje mpaka udongo ulowe kiasi cha shibiri moja. Mahindi ayapande kwa mara mbili, yasitoe mbelewele yote kwa wakati mmoja.

La nne, ayazuie maji shambani. Matuta yakingame mteremko, na mifereji yake izibwe hapa na pale kwa udongo, ili mvua ya kishindo inywewe na ardhi badala ya kuichukua.

Wako wasemao kwamba mtama ni chakula cha njaa, tena ndege huumaliza. Lakini mtama ni mzaliwa wa Afrika. Mahindi ndiyo mgeni, aliyetoka Amerika. Na juu ya ndege, ni kweli: mwenye mtama peke yake kijijini atawalisha wote. Majirani wakipanda pamoja na kulinda pamoja, hasara hugawanyika.

Ujirani huo wahusu mito pia. Mto Katuma hupita katika Hifadhi ya Katavi, na maji yake huendelea kwa Mto Kavuu kwenda Ziwa Rukwa. Yamechepushwa huko juu kwa ajili ya mpunga, na wakati wa kiangazi viboko wamesongamana katika madimbwi ya matope. Afungaye mto ili aokoe mpunga wake hauondoi ukame. Humpelekea jirani wa chini tu.

Mwisho, ghala. Baba na mama wa nyumba wakae pamoja mara baada ya mavuno, wahesabu magunia ya kula mpaka mavuno mengine, na mbegu, kabla ya mnunuzi kufika. Yatakayobaki ndiyo ya kuuza. Auzaye yote mwezi wa Juni, mwezi wa Januari hununua mahindi yale yale kwa bei ya mwenye njaa.