Somo: Mimbari si jukwaa la kura

Someni Waraka wa Yakobo 2:1–4.



Uchaguzi unapokaribia, wageni huongezeka kanisani. Mgombea hukaribishwa mbele, hutoa bahasha ya mabati, kisha huomba dakika mbili za kusalimu watu. Salamu hizo huwa hotuba ya nusu saa. Je, yatupasa kufanya nini? Tujifunze mambo matatu.

1. Mlango u wazi kwa wote. Mwanasiasa naye ni mwenye dhambi kama sisi, asizuiliwe kuabudu. Lakini Yakobo awakemea waliompa tajiri mahali pazuri huku maskini akiachwa asimame. Mama mzee aliyewahi mapema akiambiwa asogee ili mheshimiwa aketi, tumekwisha kukosa kabla ya hotuba kuanza.

2. Kutetea haki si kumfanyia mtu kampeni. Mwaka 1986, chama cha KANU kilipoamua kwamba wapigaji kura wajipange hadharani nyuma ya wagombea wao, yaani mlolongo, maaskofu wetu Henry Okullu, Alexander Muge na David Gitari walipinga. Hawakumwombea mtu kura. Walimtetea mnyonge apige kura yake bila hofu.

3. Kanisa likiegemea upande hupoteza sauti. Mwaka 2008, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande. Saa ya kupatanisha ilipofika, ni nani angewasikiliza? Tarehe 12 Septemba 2021, Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa Askofu wa Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwakatalia wanasiasa kuhutubu ibadani, ingawa Raila Odinga na Musalia Mudavadi walikuwapo.

Twajua si jambo rahisi. Paa likivuja, bahasha huonekana kama jibu la maombi, na wengi wetu tumewahi kupiga makofi ilipotangazwa. Lakini mpaji akiwa na shabaha ya kura, shukrani yetu huwa deni, na jirani aliye wa chama kingine huanza kujiona mgeni katika Meza ya Bwana. Je, mabati yana thamani kuliko ndugu huyo?

Basi sadaka ya mgombea na itiwe kapuni kama ya mjane, bila kutangazwa. Akitaka kura, na aite mkutano wake mahali pengine, siku nyingine. Nasi tuendelee kuwaombea wagombea wote.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika vikundi:

(a) Je, wageni wetu wote hupokewa sawasawa?
(b) Twaweza kutengeneza paa kwa nguvu zetu wenyewe, hata kama ni polepole?
(c) Ni ndugu gani tuliyemwudhi kwa ajili ya siasa, nasi tutapatana naye lini?